Muzee Anakimbia, Nani Amekufa?

Asifiwe Bwana mwenye pumzi zote, aliyeniachia kidogo za kuandika haya.

Ndugu zangu wa kanisa, leo nimeumbuka.

Mnajua moyo wangu unanisumbua. Juzi daktari aliusikiliza, akasema: "Papa, moyo wako umezoea kiti. Ukimbize kidogo kila asubuhi, utaona watoto wa wajukuu wako." Nikamshukuru Mungu. Nikaazima viatu vya mpira vya mwanangu (vinabana, lakini utii ni utii).

Leo kulipopambazuka nikatoka mtaani kwetu Kadutu mbio, nikishuka kuelekea ziwani. Mama muuza sombe, yale majani ya muhogo, akaniona, akatua kitunga chake.

"Muzee anakimbia! Nani amekufa kwako, papa?"

Nilitaka kumjibu. Pumzi hakuna! Nikapunga mkono tu. Kwetu muzee hakimbii ovyo. Akikimbia, kuna maiti. Nami nikasahau (mimi, mchungaji ninayewazikia watu wenu!). Nyuma yangu nikasikia yowe. Nikadhani ananishangilia.

Nikafika ziwani, nikaomba, nikapanda kurudi taratibu, moyo ukidunda kama ngoma ya Pasaka.

Nyumbani nikakuta ua umejaa. Wamama wanalia. Wanaume wamewasha moto wa matanga. Jirani yangu, Tonton Bahati, ameleta mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi. Nikamtafuta Maman wa nyumba yangu kwa macho, hayupo. Mke wangu! Amekufa peke yake, nami niko mbioni kutafuta maisha marefu! Nikajitupa chini, nikalia kuwapita wote.

"Nani analia hivyo?" sauti ikauliza kutoka ndani.

Akatokea mke wangu, Maman Furaha, kitambaa cha msiba kichwani. Akaniona. Akapiga kelele.

"Papa! Hukufa?"

"Mimi? Si ni wewe umekufa?"

"Watu walikuja wanasema, 'Pole, maman, pole sana.' Na wewe uko njiani na ule moyo wako! Ningewaza nini?"

Mama wa sombe akaangalia kitunga chake. Tonton Bahati akakohoa.

"Sasa, muzee, hii kasiksi niirudishe?"

"Iache," akasema Maman Furaha, akijipangusa machozi. "Mutu amefufuka."

Daktari hakukosea: nimeliliwa asubuhi, na mchana nimekula ugali. Kesho nitakimbia tena. Na Jumapili nitasimama kanisani nitangaze: muzee anakimbia, hakuna aliyekufa.

Nawe unayesoma, Mungu akupe moyo wenye nguvu, miaka mingi, na majirani wepesi wa kukulilia. Usicheke, tafadhali. Maman Furaha amecheka kwa niaba yenu wote.