Msalaba wa Shaba Katika Mtungi wa Mama Nkandu

Serikali ya Katanga, iliyojitenga na Kongo, ikiwa imekwisha kupata bendera, sarafu na stempu, iligundua pengo moja tu lililobaki katika uhuru wake: nchi haikuwa na pombe. Pombe ya kunywa ilikuwapo, tena tele. Iliyokosekana ni pombe ya kitaifa.

Mimi nilikuwa katibu wa Kamati ya Pombe ya Taifa, hapa Elisabethville. Tulipewa kazi ya kuandaa mashindano ya wapika pombe wadogo. Mshindi angepata kibali cha kuuza. Walioshindwa wangevunjiwa mitungi na polisi. Utaratibu huu ulikusudiwa kuwatia moyo.

Likazuka swali: je, mpika pombe aruhusiwe kubadilisha mapishi yake kwa ajili ya mashindano? Mwenyekiti wetu, Bwana Donat, aliamua kwamba kubadilisha ni udanganyifu. Kurekebishwa na Kamati ni jambo jingine. Akaagiza kila pombe ichachie juu ya msalaba wa shaba, kama ule wa kwenye bendera, ili wageni wakionja waitambue nchi. Kwa njia nyingine walikuwa bado hawajaitambua.

Mama Nkandu wa Kampemba, mjane anayelisha watoto wake kwa pombe ya mahindi, alikuja ofisini. Alikuwa amejaribu. Pombe ilikuwa imegeuka kijani, na nguruwe wa jirani, baada ya kulamba machicha, alitapika mpaka jioni.

"Mama," alisema Mwenyekiti, "nguruwe hana hisia za kitaifa."

"Na bantu benye banakunywaka kwangu, Tata Président? Bale beko na tumbo tu."

Alikumbushwa habari ya polisi. Akaenda kupika.

Siku ya mashindano alikuja Waziri, pamoja na mfanyabiashara mmoja Mbelgiji aliyewakilisha mataifa. Washindani wengine walikuwa wamepata safari za ghafula. Mama Nkandu alipiga magoti, akachota kibuyu cha pombe ya kijani. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza, mgeni aone kwamba haina sumu. Waziri alingoja.

"Tata Président," aliuliza mama kwa adabu, "pombe hii iko ya nani?"

Waziri alikuwa akisikiliza. Bwana Donat alinyoosha tai yake.

"Ya Kamati. Mapishi ni yangu mimi mwenyewe."

"Aksanti, Tata. Basi mwenye pombe anaonja mbele."

Akampa kibuyu kwa mikono miwili. Mbele ya Waziri, Mwenyekiti hakuweza kuacha hata tone.

Ripoti rasmi inasema aliitwa na shughuli za dharura za serikali. Shughuli hizo zilifanyika katika choo cha ukumbi. Kamati ilikutana hapo hapo, mimi nikiwa nje, yeye ndani, ikaafiki kwa kauli moja kwamba mapishi ya wapika pombe wadogo yasiguswe. Kibali cha Mama Nkandu nilikipitisha chini ya mlango. Kilirudi kimetiwa sahihi, pamoja na ombi la karatasi zaidi.

Nilimpitishia Mwenyekiti kanuni za mashindano.