Chai ya Matangani

Jumatatu, 8 Januari
Presha imepanda. Dokta Nusrat kanikazia macho. Niache chumvi ya mezani, mafuta ya kondoo na tumbaku. La sivyo nitapata kiharusi, kama kile kilichomnyang'anya ulimi kaka yangu Sonaullah. Yeye ndiye aliyekuwa muadhini wa msikiti wetu kabla yangu. Sasa hutamka "aa, aa" tu, machozi yakimtoka. Nimeogopa, Mungu shahidi. Lakini njiani nikawaza: sisi hatuna meza, tunakula chini. Sasa dokta kasema chumvi ipi?

Jumanne, 9 Januari
Huku kwetu chai hutiwa chumvi, si sukari. Mke wangu Mughli kanipikia ya asubuhi bila chumvi, bila magadi. Maji ya kuoshea masufuria. Nikamwambia chai si chakula. Akasema haya, baba Tasleema, na kaburi si nyumba, ila watu wanalala humo. Chumvi kaifungia kwenye sanduku lake.

Alhamisi, 11 Januari
Baridi ya Srinagar inaondoa wazee. Mzee Khazir katutoka, Mungu amrehemu. Nimekwenda kuhani. Chai ya matangani haikataliwi, kuikataa ni kumvunjia marehemu heshima. Ya rangi ya waridi, chumvi imekolea. Sikuhesabu vikombe. Mjane kaniombea dua kwa jinsi nilivyokaa nao sana.

Jumamosi, 13 Januari
Nimehani ng'ambo ya mto, watu nisiowajua. Assad Dar, anayeinyemelea kazi yangu ya kuadhini, naye alikuwepo. Akaniuliza mbele za watu, shehe, marehemu ni nani wako? Nikasema ndugu yangu katika imani, mwanamume wa watu, mpole. Akasema aliyekufa ni bibi.
Nilimaliza kikombe kwanza, ndipo nikaondoka.

Jumatatu, 15 Januari
Alfajiri, katikati ya adhana, ulimi ulilala mdomoni kama soksi iliyolowa. Yakatoka maneno ya kaka. Mtaa mzima umesikia kwenye spika. Mughli kaja mbio msikitini, kanikuta sakafuni, mdomo umekwenda upande.
Kufika adhuhuri ulimi umerudi. Dokta kasema hiyo ilikuwa hodi ya kiharusi tu, mara nyingine hakibishi mlango. Assad ndiye aliyeadhini.
Mughli hakunisuta. Kakaa ananisugua mkono. Kaka naye kaletwa, akanishika shavu. Nilitamani anitukane. Hawezi.
Nimetubu, Mola wangu. Nimetubu kweli.

Ijumaa, 2 Februari
Vidonge kila siku, na chai chapwa. Assad bado anaadhini, na sauti yake ya puani. Leo nimepimwa: presha imeshuka. Dokta kafurahi, kasema niendelee hivyo hivyo. Mughli kalia kwa furaha.
Alhamdulillahi, nimepona. Ila najiuliza, mtu mzima wa afya anameza dawa za nini? Dini yetu haitaki israfu. Leo sikumeza. Vidonge nimeviweka pazuri, akitokea mgonjwa nimsaidie.
Nimemtumia Assad salamu apumzike. Kesho alfajiri naadhini mwenyewe.