Kitenzi Kilichoharibu Sakafu Yangu

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kamusi.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KITENZI "KWISHA"

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi, basi pokea salamu za heshima tu. Ninakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, bafuni kwangu, ambako naishi kwa siku ya tisa sasa. Bafu ndicho chumba pekee chenye vigae. Kwingine kote ni sakafu ya mbao, na sakafu hiyo ndiyo iliyomwondoa mke wangu nyumbani. Nimechunguza kwa utulivu ni nani wa kulaumiwa, nikaona si mimi, si fundi, wala si mwenye duka. Ni kitenzi, nacho kiko chini ya ofisi yako.

Fundi wa sakafu alikuja, akapima, akatueleza kwamba mbao ngumu za sakafu ni za aina mbili. Kuna zilizokwisha, yaani zimepigwa msasa na vanishi hukohuko kiwandani. Ukizipigilia asubuhi, jioni unatembea juu yake. Halafu kuna ambazo hazijaisha. Hizo hupigiliwa zikiwa tupu, kisha husagwa kwa msasa na kupakwa vanishi mlemle ndani, na wenyewe mkatafute pa kukaa. Alisema hizi za pili hulala sawa zaidi, hazina vijifereji vya kuficha makombo, na rangi unachagua mwenyewe. Mke wangu, ambaye pua yake hutambua maziwa yaliyoharibika kwa jirani, alisema harufu ya vanishi hataki hata kuisikia kwa mbali. Tukakubaliana: zilizokwisha. Fundi akaliandika neno hilo kwenye kikaratasi, akanipa. Hapo ndipo yaliponikuta haya yafuatayo.

1. Nilipiga simu duka la kwanza, nikauliza kwa adabu kama mbao zao za sakafu zimekwisha. Mwenye duka akajibu hazijaisha, tena zimejaa ghala zima, niende tu. Nikamshukuru, nikakata simu, nikamsikitikia.

2. Nikapiga duka la pili. Huko wakaniambia zimekwisha, zote, tangu juzi. Kwa furaha nikakodi gari la mizigo na wapakiaji wawili. Tulikuta ghala linafagiwa. Nilimshikilia mama muuzaji kwamba ameniambia kwa kinywa chake zimekwisha, naye akazidi kukubali kwamba ndiyo, zimekwisha. Tuliafikiana hivyo kwa nusu saa nzima. Maishani mwangu sijawahi kugombana na mtu tunayekubaliana naye kiasi kile.

3. Nikarudi duka la kwanza, jasho likinitoka. Yule bwana akanisikiliza, akaangalia ghalani, akaniambia, "Zilizokwisha zimekwisha. Zimebaki ambazo hazijaisha, nazo karibu zinakwisha." Nilimwomba arudie. Akarudia. Wapakiaji wangu wakakaa chini kucheka. Nakiri kwamba hapo nilifanya haraka, nikachukua zilizobaki, lakini mtu aliyesimama mbele ya sentensi kama ile hana tena akili ya kuchagua sakafu.

4. Fundi akapigilia, akawasha mashine ya msasa. Vumbi liliingia kwenye sukari, kwenye mito, na kwenye sikio la kushoto la mke wangu. Alivumilia. Kesho yake kopo la vanishi lilipofunguliwa, alipiga chafya kumi na nne, nilizihesabu, akafunga begi, akasimama mlangoni na kusema, "Naenda kwa mama. Nitarudi sakafu ikiisha." Tangu hapo kila jioni nilimuuliza fundi kama sakafu imekwisha, na kila jioni alinijibu imekwisha, bado kumalizia tu.

5. Siku ya sita fundi alipaka mkono wa mwisho wa vanishi, akafunga vifaa vyake, akaondoka akipiga mluzi. Nikamwandikia mke wangu ujumbe: "Sakafu imekwisha." Akajibu neno moja: "Pole." Nilikuja kujua baadaye kwamba aliyeishika simu alikuwa mama mkwe, aliyeelewa kwamba sakafu imeharibika, kama vile mtu aonapo balaa akasema tumekwisha. Nikafafanua: "Imekwisha kabisa kabisa." Nikajibiwa: "Pole sana, baba."

6. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Habari za maafa ya sakafu zilimfikia shemeji, kaka wa mke wangu, mtu mwenye moyo mwema na viatu namba arobaini na sita. Alikuja kunipa pole jioni ileile. Hakubisha hodi, maana msibani hakubishwi hodi. Akavuka sebule nzima, vanishi ikiwa mbichi. Katikati akanata, akajaribu kujinasua, akaenda chini kwa viganja viwili na goti moja. Vyote vimechorwa pale, hadi pete ya ndoa. Sasa sakafu yangu imekwisha kwa kila maana iliyomo kwenye kamusi yenu, na kila nikitaka kumwandikia mke wangu ukweli, ukweli huo unamzuia kuja.

Ndugu Mwenyekiti, sitii chumvi. Nyumba bila mke wangu ni ghala la mbao tu. Namkumbuka asubuhi ninapopiga mswaki na jioni ninapokunja godoro langu pembeni ya sinki. Namkumbuka hata akipiga chafya.

Kwa hiyo naomba Kamati yako ikutane kwa dharura na kukigawa kitenzi hiki mara tatu: kimoja kwa kazi iliyokamilika, kimoja kwa bidhaa zilizotoka zote, na kimoja kwa mambo yaliyoharibika. Wenye maduka wapewe kimoja tu, tena kwa leseni. Mafundi wa kila aina wanyang'anywe kiambishi cha -me- moja kwa moja, wabaki na -ta- peke yake, na watakaoonyesha tabia njema kwa miaka mitano warudishiwe kidogo kidogo. Mwisho, naomba mjumbe mmoja mwenye sauti ya upole atumwe kwa mama mkwe na kamusi, akae naye sebuleni, amweleze herufi kwa herufi kwamba sakafu iko tayari. Nauli nitatoa mimi.

Nisalimie wajumbe wote, karani anayechapa herufi K, mlinzi wa getini, na mhudumu wa chai kama mnaye. Waambie kuna mtu anawategemea.

Ni mimi mtiifu, niliye juu ya ndoo,
Baba Sakafu
(ndivyo mtaa unavyoniita siku hizi)

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, mke wangu aliingia kuchukua nguo zake, akaikuta barua kwenye sinki, akaisoma yote amesimama. Kwanza aliniuliza kama nimesahau kwamba mimi ni fundi cherehani, na kwamba kuna bibi harusi niliyemwambia tangu wiki jana gauni lake limekwisha, na bado halina mikono. Kwa hiyo lile ombi kuhusu -me- naliondoa. Pili, alisema ujumbe aliuelewa tangu siku ya kwanza, hata kama mama yake hakuuelewa. Nimemwandikia mara kumi na moja kuhusu mbao, msasa, vanishi na viatu vya kaka yake. Hata mara moja sikumwambia arudi. Basi nikamwambia, "Rudi." Akatoka hadi sebuleni, akaliweka begi juu ya alama za viganja vya shemeji, akasema, "Nimekwisha rudi." Hiyo ni kazi ya nne ya kitenzi hiki, Ndugu Mwenyekiti, na mimi nilikuwa nimeisahau. Tafadhali msikiguse.