Mashairi ya Upande wa Pili wa Ukuta

Siku Bwana Vina alipogundua kwamba ukuta wa mbao kati ya chumba chake na saluni ya jirani haufichi hata mguno, aliacha kutafuta kazi. Kazi ilikuwa imemfuata nyumbani, na yeye hakuwa mtu wa kufukuza mgeni.

"Nikimwona tu, nasahau hata nilichoendea dukani," msusi alikuwa akimweleza mteja mmoja habari za ujana wake. Upande wa pili, Bwana Vina aliandika haraka haraka. Jioni maneno hayo, yakiwa yametiwa vina na "mpenzi" mbili tatu, yalikuwa yameuzwa kama shairi kwa muuza nyama, mgane aliyemtamani mwalimu wa mwanawe.

"Umeyatoa wapi haya, kaka?"

"Moyoni." Hakusema moyo wa nani. Tumsamehe, hakuulizwa.

Biashara ilinoga miezi miwili, mpaka muuza nyama alipoingia saluni kutaka maoni ya wanawake juu ya shairi jipya. Msusi alimmalizia ubeti kabla hajafika mwisho. Alicheka hadi akaketi, kisha akagonga mbao. "Jirani, kumbe unakula kwa mdomo wangu!"

Bwana Vina alijitia hamnazo. Aibu haikumsumbua, alishaizoea. Kilichomuuma ni kwamba kwa kumsikiliza kutwa nzima alikuwa amempenda mwanamke yule, tena kwa dhati, na sasa msusi amesogeza mashine ya kukaushia nywele ukutani, inanguruma, hasikiki tena.

Maneno ya kuazima yakakosekana. Ikabidi atumie ya kwake. Siku tatu aliandika na kufuta, akaambulia mistari minne: kwamba hajui kusema, kwamba bila sauti yake hata chai haipiti kooni, kwamba anaomba radhi, na kwamba akimtaka, agonge ukuta. Akaipenyeza chini ya mlango wa saluni, akarudi chumbani kungoja.

Hakuna aliyegonga. Siku ya tatu muuza nyama alifika, meno yote nje.

"Mwalimu amekubali! Msusi siku hizi anauza mashairi mwenyewe. Hebu sikia hili."

Akasoma ile mistari minne. Kilichobadilika ni neno moja tu: palipokuwa na ukuta, pamewekwa mlango.

Bwana Vina aliinyooshea karatasi kidole. "Hilo nimeliandika mimi."

Muuza nyama alikunja karatasi taratibu, akamtazama kwa huruma. "Acha hizo, kaka. Hili ameliandika mtu anayependa."