Mauaji Yamefutwa

Inatangazwa kwa wananchi wote, wakubwa kwa wadogo, kwamba kuanzia mwezi huu mauaji yamefutwa rasmi katika wilaya hii. Ndivyo lilivyosema gari la matangazo lililozunguka kijijini tangu asubuhi na spika zake mbili, moja ikisema na nyingine ikikoroma. Mwananchi yeyote mwenye nia ya kumuua mwenzake alitakiwa kuisitisha mara moja, au aihamishie wilaya jirani, ambako mipango ilikuwa bado haijakamilika.

Watu waliipokea habari hiyo kwa shangwe. Kijiji kikateuliwa kuwa Kijiji cha Mfano Kisicho na Mauaji, na sababu ilikuwa wazi: hakukuwahi kutokea mauaji hapo. Lakini zamani watu walikuwa hawauani kienyeji tu, kila mtu na lake, bila mkakati. Sasa wangekuwa hawauani kwa mujibu wa Mpango Jumuishi. Ikaundwa Kamati ya Kudumu ya Kutokuuana, ikapewa mwenyekiti aliyekwisha kuongoza kamati ya vyoo, kamati ya mbuzi wazururaji na kamati ya kuchunguza kwa nini kamati ya vyoo haikuchimba choo. Mkuu wa Wilaya akaahidi kwamba Jumamosi angemleta Waziri wa Utulivu mwenyewe kukabidhi Ngao ya Amani. Ngao ikatengenezwa na fundi wa kuchomelea kwa vyuma vizito, ikawekwa mezani kwenye stoo ya ofisi ya kijiji, na kuinyanyua kulihitaji wanaume wawili walioshiba.

Mtu pekee ambaye hakufurahia mambo haya ipasavyo alikuwa polisi wa kijiji. Walimwita Afande Shwari. Kituo chake kilikuwa chumba kimoja chenye kaunta, benchi, birika na mahabusu ndogo ambamo Kamati ilihifadhi viti vyake vya plastiki. Hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Siku moja mwizi wa kuku alichoka kukimbia peke yake, akarudi mwenyewe kuuliza kama anafukuzwa au hafukuzwi.

"Afande," Mkuu alimwambia siku ya uzinduzi, "wewe katika mpango huu umejipangaje?"

"Mimi nipo, Mheshimiwa," akajibu Shwari, akipuliza chai.

Mkuu alisikitika sana. Kuwepo hakukuwa hata kwenye mpango.

Alhamisi kikaitishwa kikao cha maandalizi. Kilifunguliwa kama vikao vyote vinavyofunguliwa: wimbo, dua, utambulisho wa waliokuwa wanafahamiana tangu utotoni, dakika moja ya kusimama kumkumbuka mwenzetu ambaye hatunaye tena, salamu kutoka kwa Mkuu, na makofi ya kuzijibu salamu hizo. Kisha wakaingia kwenye ajenda, nayo ilikuwa rangi ya kitambaa cha kiti cha Waziri. Wengine walitaka buluu, wengine walitaka nyeupe, na mjumbe mmoja alitaka aelezwe kwa nini kitambaa chenyewe hakipo. Afande Shwari alikuwapo kwa ajili ya ulinzi, yaani alikaa nyuma karibu na dirisha na kikombe chake. Katibu wa Kamati hakuonekana, lakini Katibu kuchelewa halikuwa jambo la kumshtua mtu.

Kikao kilipofungwa, mfagizi akaenda stoo kuchukua ufagio. Ukelele alioupiga ulifika hadi sokoni. Katibu alikuwa amelala kifudifudi karibu na meza ya ngao, kisogo kimepasuka, amekauka kama ubao. Nesi wa zahanati akaja, akamgeuza, akatikisa kichwa. "Huyu amekufa tangu jana jioni," alisema. "Na hakujipiga mwenyewe."

Mkuu alifika mbio na gari lake. Kikaitishwa kikao cha dharura.

"Tusiwe na haraka ya kutumia maneno makali," alianza Mkuu. "Nesi, huwezi kuandika kwamba amefariki kifo cha kawaida?"

"Kisogo kimepasuka, Mheshimiwa."

"Kwani kupasuka si jambo la kawaida? Mabomba yanapasuka kila siku hapa."

Nesi akakataa, watu wa afya ni wabishi sana. Mjumbe mmoja akapendekeza Katibu apewe likizo hadi Jumapili, halafu ndipo afe. Wazo lilipendwa, ila mjane alikuwa tayari analia barabarani kwa sauti ya kuharibu wazo lolote. Ndipo Mwenyekiti akasimama, akafuta jasho, akatoa hoja iliyowaacha wote midomo wazi.

"Ndugu wajumbe, wanakijiji wamekatazwa kuua. Kwa hiyo aliyeua si mwanakijiji. Haya ni mauaji kutoka nje! Yametukuta tu, kama mafua."

Makofi yakapigwa. Kilichobaki kilikuwa kumpata mtu wa nje. Kijiji kizima kilikuwa na mmoja tu, fundi viatu, aliyekuja kuoa hapo miaka mingi iliyopita, akazaa, akajenga, akazika wakwe zake, lakini hakuwahi kuomba radhi kwa kuzaliwa kwingine. Zaidi ya hayo, alikuwa na nyundo.

"Kamata!" Mkuu akaagiza. "Jumamosi Waziri atakabidhi ngao, kisha huyu atasomewa mashtaka mbele ya umma na kupelekwa gereza la mjini siku hiyohiyo. Nimetoa maelekezo!"

Afande Shwari akaenda kumchukua fundi. Hakumtia pingu. Walitembea taratibu, wakisalimia watu njiani, na walipofika kituoni ikabidi wote wawili watoe viti vya Kamati mahabusu ili mtuhumiwa apate pa kukaa.

"Afande, mimi sijamuua mtu," fundi alisema akiwa amebeba viti vitatu.

"Najua."

"Sasa mbona unanifungia?"

"Kwa sababu nisipokufungia mimi, wataleta mwingine wa kukufungia, naye hatakuwa na chai."

Ijumaa asubuhi mke wa fundi aliingia na chakula cha mumewe kwenye kitambaa na mtoto mgongoni. Akakuta Shwari ameketi kwenye benchi, miguu ameinyoosha, kikombe mkononi. Mama wa watu akawaka.

"Shemeji, hivi wewe una damu au una maji ya mtungi? Mume wangu kesho anapelekwa gerezani, mimi nitabaki na watoto wanne na sanduku la viatu vya watu, wewe unapuliza chai!"

"Ni ya moto, shemeji."

"Iwe ya moto ikuunguze ulimi! Mnajua kabisa hakuua. Alikuwa nyumbani Jumatano jioni anamshonea Mwenyekiti huyohuyo kiatu chake. Na nyinyi jana mmekaa humo ofisini mnagombania vitambaa, maiti iko ukuta wa pili! Hata kumlilia marehemu hamkumlilia!"

"Hapana, usituonee," Shwari alijitetea. "Tulisimama kumkumbuka dakika nzima. Mimi mwenyewe goti liliniuma."

"Mlisimama saa ngapi, wakati maiti imeonekana mkishamaliza kikao?"

Shwari akakiweka kikombe juu ya kaunta kikiwa kimejaa, jambo ambalo mke wa fundi hakuwahi kuliona tangu kituo kijengwe, hadi akaogopa na kumshika mkono.

"Shemeji, unaumwa?"

"Mpelekee mumeo chakula," alisema Shwari. "Mwambie ale chote."

Kisha akatoka kutembea. Alimkuta mama muuza chai akimenya viazi, akamuuliza jana kikaoni walisimama kwa ajili ya nani. Mama akasema yeye alidhani ni mjomba wake nesi, maana yule mzee anaumwa tangu zamani. Muuza duka alidhani ni mama mkwe wa mwalimu. Mwalimu alisema yeye hadhani kitu vikaoni, akiambiwa simama anasimama, akiambiwa piga makofi anapiga, ndivyo alivyofika alipofika. Kijiji kizima kilikuwa kimeomboleza kwa heshima zote, na hakuna aliyejua anamwomboleza nani. Aliyejua alikuwa mmoja, yule aliyewasimamisha.

Jumamosi uwanja wa shule ukajaa. Waziri alifika jua limeshawachosha watu, akaketi kwenye kiti chenye kitambaa ambacho hatimaye kilikuwa cha kijani, maana ndicho kilichopatikana. Ngao ililetwa kwa toroli. Pembeni alisimamishwa fundi viatu, kichwa chini, na mkewe nyuma ya kamba akimtazama Shwari kwa macho ya kuua, japo kuua kulikuwa kumepigwa marufuku.

Mkuu akasoma taarifa. Alieleza kwamba kila kilichofanyika wilayani kilifanyika kwa maelekezo yake: barabara, amani, hata mvua za mwaka huu zilinyesha vizuri katika kipindi chake. Kisha akamkaribisha Mwenyekiti aje kupokea ngao. Mwenyekiti akapiga hatua, kifua mbele. Hapo ndipo Shwari akanyoosha mkono.

"Taarifa, Mheshimiwa."

Kama angesema "msimamisheni huyo", wangemnyamazisha. Lakini neno taarifa lina adabu zake. Waziri akaitikia kwa kichwa, na Mkuu akabaki ameuma meno.

"Mimi sina maneno mengi," alisema Shwari. "Nataka kumuuliza Mwenyekiti tu. Alhamisi ulitusimamisha dakika moja kumkumbuka mwenzetu ambaye hatunaye tena. Ni nani huyo?"

Mwenyekiti akatabasamu. "Afande naye! Si yule... mjomba wake nesi, Mungu amrehemu."

"Nani, mimi?" Mzee mmoja mwenye fimbo akainuka katikati ya watu. "Nirehemiwe nini, nami nipo hapa tangu asubuhi sijapewa hata soda?"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Waziri alitoa kitambaa cha mfukoni akafunika mdomo.

"Nimekosea," Mwenyekiti akasema haraka. "Nilikuwa namkusudia Katibu. Ndiyo. Marehemu Katibu."

"Ahsante," alisema Shwari. "Ila wakati ule Katibu alikuwa hajaonekana. Sisi wote tulidhani amechelewa."

"Mimi ni kiongozi, Afande! Kiongozi anapata habari mapema kabla ya raia!"

"Sawa kabisa. Nani alikupa?"

"Hakuna aliyenipa, nilikuwepo ali..." Mwenyekiti akasita. Jasho likaanza kumtiririka hadi kwenye tai.

Mjane wa Katibu, aliyewekwa mstari wa nyuma ili asiharibu picha, akaanza kusogea mbele polepole, na watu wakampisha bila kuambiwa.

"Mwenyekiti," alisema mjane, "mume wangu alikukosea nini?"

Hapo mtu mzima akavunjika. "Alitaka ashike ngao yeye!" alipiga kelele. "Eti kwa kuwa ndiye aliyeandika ripoti! Mimi nimeongoza kamati ngapi, sijawahi kupiga picha na waziri hata siku moja! Nikamwambia ndugu yangu, tuheshimiane. Akanicheka. Akainama kufunga kamba za kiatu huku bado anacheka, kichwa kiko usawa wa ukingo wa meza pale. Nikaisukuma ngao, ncha ikamgonga kisogo. Nilisukuma kidogo tu!"

Hakuna aliyecheka tena. Mjane aliketi chini pale pale kwenye vumbi, mke wa fundi akavuka kamba na mtoto wake mgongoni, akaenda kumshika.

Mkuu alikuwa wa kwanza kurudiwa na fahamu, kama ilivyo kawaida ya viongozi. "Mheshimiwa Waziri, huyu ni mtu mmoja aliyeteleza. Mfumo uko imara. Na nikumbushe kwamba Mwenyekiti babu yake alihamia hapa, kwa hiyo kitaalamu bado ni mauaji ya..."

"Unanitupa, Mkuu?" Mwenyekiti akamgeukia. Alikuwa mtu wa vikao tangu ujanani, na mtu wa vikao akibanwa husema kile ambacho ulimi umekizoea. "Mheshimiwa Waziri, naomba ieleweke mbele ya umma huu. Mimi katika utumishi wangu wote sijawahi kufanya jambo lolote kwa utashi wangu. Kila nilichofanya nimefanya kwa maelekezo ya Mkuu wa Wilaya!"

Waziri akageuza shingo taratibu. "Maelekezo?"

"Uongo!" Mkuu aliruka kwenye kiti. "Mheshimiwa, mimi sikutoa maelekezo!"

"Umetoka kusoma hapa kwamba kila kitu ni maelekezo yako."

"Ni lugha tu ya taarifa, Mheshimiwa! Hakuna maelekezo! Naapa mbele ya watu hawa, tangu nimefika wilaya hii sijawahi kutoa maelekezo yoyote, kwa mtu yeyote, kuhusu jambo lolote!"

"Hata yale ya kumkamata fundi, Mkuu?" Shwari aliuliza kwa upole.

"Hata hayo! Mimi? Fundi gani? Simjui!"

"Basi yamekwisha." Shwari akamgusa fundi viatu begani. "Ndugu yangu, umesikia mwenyewe, hakuna aliyeagiza ukamatwe. Nenda kamchukue mkeo."

Fundi hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alivuka uwanja mbele ya Kamati, Mkuu na vipaza sauti vyote, na mkewe alipomwona alimpiga kofi la bega kwanza, kisha akalia.

Waziri alikuwa bado anamtazama Mkuu. "Sasa kama hukuwahi kutoa maelekezo yoyote," alisema, "miaka yote hii huku umekuwa ukifanya nini?"

Ni swali dogo, na watu waliokuwa uwanjani walilisubiri jibu lake kwa adabu kubwa. Mkuu akageuka kumtafuta msaidizi wake wa kujibu maswali. Msaidizi alikuwa amekwisha kuhamia upande wa pili wa jukwaa, anamshikia Waziri mwavuli.

"Afande," alisema Waziri, "mchukue na huyu akatoe maelezo yake. Alimtia mtu mahabusu bila kosa, na nataka kujua alikuwa anamficha nani."

Kijiji hakikuwa na gari la polisi, kwa hiyo wakalitumia pikapu la Mkuu. Dereva, aliyekuwa amemfungulia bosi wake mlango wa mbele kila siku, leo alikaa kwenye usukani akitazama mbele, asijue adabu inataka nini. Shwari akafungua nyuma. Mwenyekiti alikuwa tayari ameketi humo, magoti kifuani.

"Sogea kidogo, Mwenyekiti," alisema Shwari, "Mkuu naye apate nafasi."