Nani Anafungua Kibamba cha Dohani

Jumatatu, tarehe 5 Januari

Mimi Vihtori Tossavainen, miaka themanini na moja. Nimeishi kuliko Mfalme wa Urusi aliyetutawala zamani. Nimeishi kuliko vita, kuliko farasi wote wa kijiji hiki, kuliko madaktari walioniambia nipunguze siagi. Nimeishi hata kuliko mke wangu Tyyne, aliyekuwa mdogo kwangu na mwenye afya kama jiwe. Shule nilikwenda kidogo tu, ikatosha. Kalamu inanitii.

Baridi leo ni ya kupasua miti. Misonobari inalia msituni kama bunduki. Ndoo ya maji ya barazani imekuwa jiwe.

Na adui yumo ndani! Mpangaji wangu, Raili Moilanen, mpishi wa shule, mjane. Mwanamke mzima, sauti nzito, miguu mikubwa. Nilimpa chumba cha nyuma ya tanuri tangu vuli, maana watu walisema mzee kama mimi hafai kukaa peke yake. Watu wana maneno.

Ugomvi wetu ni kibamba. Tanuri langu la matofali ni kubwa kama ng'ombe aliyelala. Unachoma kuni, kuni zinakuwa makaa, kisha unasukuma kile kibamba cha chuma kwenye shingo ya dohani, joto linabaki ndani hadi kesho. Ukichelewa, joto lote linapaa kwenda kupasha kunguru. Raili anachelewa makusudi. Anasubiri hadi kaa la mwisho liwe jeusi. Nikamuuliza, mama, hao kunguru ni ndugu zako? Akasema makaa bado yana miali ya bluu. Akasema, "Ukifunga sasa, mzee, sumu inabaki humu na sisi. Kesho watatutoa tumelazwa ubaoni, wewe na mimi, na kijiji kitacheka."

Nikacheka mimi kwanza. Nimefunga vibamba tangu enzi za Mfalme. Tyyne naye aliimba wimbo huohuo ndoa nzima. Bluu, bluu, bado kuna bluu. Na yeye kafa kwa moyo, si kwa kibamba. Basi nani alikuwa sahihi?

Jumanne, tarehe 6 Januari, Sikukuu ya Tokeo la Bwana

Hila ya kwanza. Nimemsifu Raili kwa sauti yake ya kuimba. Nikamwambia kanisa linamkosa. Akanitazama kama mtu anayeangalia maziwa yaliyoharibika, lakini akaenda, kwa gari la theluji la jirani Eemeli. Huyo Eemeli Pulkkinen ni mzee wa majivuno. Kila Pasaka hunionyesha kuni zilizombakia. Mwaka huu ataona zangu!

Mlango ulipofungwa tu, nikasukuma kibamba. Makaa yalikuwa mekundu, mazuri, na juu yake bluu kidogo ikicheza. Nikakaa kwenye benchi la tanuri. Joto! Joto la kiume, linaingia hadi kwenye mfupa. Nikajiambia, Vihtori, wewe ni bwana.

Kichwa kikaniuma kidogo. Kosa la kahawa ya Raili, anaichemsha hadi inakasirika.

Kisha nikasikia mtu anatembea darini. Polepole, kama mwenye soksi za sufu. Huko juu hakuna kitu ila gurudumu bovu la kusokotea. Nikaita. Hatua zikasimama juu ya kichwa changu hasa.

Sijui nililala au vipi. Nilipofungua macho, kibamba kilikuwa wazi na joto lote limekwenda zake. Na Raili ndiyo kwanza anaingia mlangoni, kofia ina theluji, buti zina theluji. Nikamkabili palepale. Akaapa kwamba ametoka kwenye gari sasa hivi, nimuulize Eemeli. Akaongeza kwamba anashukuru nimepata akili na kukifungua mwenyewe.

Mwongo hodari. Theluji mtu anaweza kujimwagia.

Jumatano, tarehe 7 Januari

Shule imefunguliwa, Raili kaondoka giza halijakatika. Giza lenyewe mwezi huu halikatiki, linapauka tu saa za chakula cha mchana kisha linarudi.

Mtego! Nimechekecha majivu laini sakafuni mbele ya tanuri na kuyasawazisha kwa bawa la bata. Kazi safi, kama unga wa keki. Hata seremala angenipigia saluti. Mpango: Raili anarudi kwa siri, anapita mlango wa nyuma, anafungua kibamba, anaacha alama za yale majahazi yake ya miguu, namkamata.

Nikachoma kuni. Nikafunga mapema kuliko jana, wakati bluu inacheza kweli.

Paka wangu akaanza vituko. Huyu paka baridi haipendi, ana wiki hajatoka nje. Leo kakwaruza mlango, kalia, kanitazama mimi, katazama nyuma yangu, kalia tena. Nikamfungulia. Akakimbilia kwenye theluji bila kugeuka. Mpumbavu. Abaki huko.

Nikakaa. Ukuta ukawa unapumua. Nilidhani ni mimi, nikazuia pumzi yangu, ukuta ukaendelea. Masikioni kengele. Nikasikia sauti ya chuma kwenye chuma, ile sauti ya kibamba kinapovutwa, krii, taratibu, ya mtu anayejua kwamba kinakwama katikati na lazima ukiinue kidogo. Raili hajui kukiinua. Hukivuta kwa nguvu na kutukana.

Kisha ubaridi ukanishuka usoni, na akili ikarudi.

Majivuni kuna nyayo! Za miguu mitupu. Nyembamba, ndogo. Zinatoka kwenye ubavu wa tanuri, zinafika chini ya kibamba, zinarudi kwenye ubavu wa tanuri. Upande wa mlango majivu hayajaguswa.

Ushahidi kamili. Raili amejifunza kuruka.

Alhamisi, tarehe 8 Januari

Supu ya njegere, kama Alhamisi zote. Nikaweka kijiko chini, nikamsomea Raili mashtaka. Nikamwonyesha nyayo. Nilitegemea alie.

Hakulia. Alivua soksi, akaweka mguu wake kando ya alama. Mguu wake ungemeza nyayo mbili kama zile. Nikamwambia miguu hunywea kwenye baridi. Kisha akaniuliza marehemu mke wangu alikuwa na mguu wa namna gani.

Swali gani hilo la kumuuliza mwanamume anayekula?

Hapo Eemeli akaingia kurudisha msumeno wangu, akainama kutazama, akavua kofia. Sijawahi kumwona Eemeli amevua kofia nje ya kanisa. Akaanza kusimulia bila kuombwa. Kwamba huku kwetu anayewasha moto wa kwanza katika nyumba mpya ndiye mlinzi wake, akifa hatoki, anabaki kuutunza moto. Kwamba siku nilipomaliza nyumba hii yeye alikuwepo. Kwamba nilisimama mbele ya tanuri na kiberiti mkononi nikihutubia jinsi nilivyoijenga peke yangu, hotuba haiishi, wageni wanatetemeka, hadi Tyyne akaninyang'anya kiberiti na kuwasha.

"Walicheka hadi waliokaa nje," akasema Eemeli.

Nikamkumbusha kwamba ile hotuba ilikuwa nzuri. Na kwamba moto ule kwa haki ni wangu, nilibakiza sentensi moja tu.

Raili akaniomba, akaniita mzee wangu, sauti ya chini. Akasema kama marehemu anahangaika kunifungulia, basi nisimchoshe. Akasema, "Mimi simwogopi yeye. Nakuogopa wewe."

Maneno ya wanawake. Nimeyajibu kwa kumaliza supu.

Ijumaa, tarehe 9 Januari

Raili hakurudi kulala. Amelala kwa mwalimu mmoja wa shuleni kwake, amemtuma mtu kusema hatakanyaga hapa hadi nimwachie kibamba. Vizuri! Sasa tutajua. Mlango wa mbele nimeufunga kwa komeo, wa nyuma kwa komeo. Paka hajarudi. Niko mimi tu na joto langu.

Kuni za mti mweupe, kavu, tangu majira ya joto. Makaa kama dhahabu. Nikafunga. Bluu ilikuwa ndefu kama vidole.

Naandika kama ilivyokuwa, bila kuongeza.

Tyyne alikuwa amesimama kwenye kigoda mbele ya tanuri. Ile aproni ya kijivu. Mgongo kwangu. Harufu ya sufu iliyolowa. Kwanza nilifurahi, siwezi kukataa. Kisha nikaona mkono wake umeshika kibamba, nikapandwa na hasira.

Nikamwambia, Tyyne, wacha joto langu. Nikamwambia, una miaka sita kaburini, huhisi baridi wala moto, unamfungulia nani? Nikamwambia kuni nimezipasua mimi.

Hakugeuka. Akasema, "Vihtori, bado kuna bluu." Sauti ileile, ya mtu aliyekwisha kusema mara nyingi na anajua atasema tena.

Nikataka kusimama nimkamate mkono. Miguu haikuwa yangu. Nikaanguka kutoka kwenye benchi, na cha mwisho nilichoona ni nyayo zake mbili karibu na uso wangu, nyeupe, na majivu kwenye vidole.

Nilizinduka kizingitini. Mlango wa mbele wazi kabisa, komeo limevutwa kwa ndani. Kichwa changu nje kwenye theluji. Kola ya shati imevutika na kujikunja kama mtu alinishika hapo na kuniburuta. Nyumba nzima baridi tupu, kibamba wazi.

Uharibifu! Kuni za siku nzima zimepasha uwanja.

Jumamosi, tarehe 10 Januari

Raili ndiye aliyeniokota jana pale kizingitini, kumbe alikuja kunichungulia. Akampigia daktari simu kutoka nyumbani kwa Eemeli. Daktari kijana, shingo nyembamba. Kapima, kasema damu yangu imejaa sumu ya makaa. Hatua, sauti, ukuta unaopumua, vyote ni sumu ikicheza na ubongo. Nikamwambia mashavu yangu hayajawahi kuwa mekundu hivi tangu ujana. Akasema hiyo ndiyo rangi ya wanaokufa nayo.

Kisha akauliza ni nani aliyefungua kibamba na komeo. Raili akasema si yeye. Eemeli akasema si yeye. Daktari akatazama majivu sakafuni. Akafunga mkoba wake kabla hajamaliza kuuliza, akasahau glavu.

Raili akabaki. Akasema atapasua kuni zote yeye. Atabeba maji, ataosha sakafu, atanyamaza kuhusu siagi. Nimwachie kibamba tu, hadi baridi ipungue. Macho yake yalikuwa na maji. Nikaona hapa ndipo ninaposhinda, mtu akishaanza kuomba, unakaza. Nikamwambia mwenye nyumba ni mimi.

Akasema, "Haya, baba. Mimi nataka kuiona Pasaka."

Akafunga sanduku. Na amehamia wapi? Kwa Eemeli! Nimeona dirishani. Moshi wa dohani la Eemeli unapanda saa zote, mnene, wa kibwege. Wanapasha kunguru wa wilaya nzima, wawili wale.

Kumbe siku zote alikuwa anatafuta kisingizio.

Jumapili, tarehe 11 Januari

Leo nimeshinda.

Nimefikiri kama jenerali. Daktari kasema ni sumu, Eemeli kasema ni Tyyne. Mimi nasema vyovyote, mwenye kufungua anafungua kwa sababu kibamba hakina kizuizi. Kosa lilikuwa la kiufundi! Sikuhitaji kugombana na mtu.

Nimechoma kuni. Nimefunga. Kisha nimechukua waya wa uzio na koleo, nimezungusha kwenye kishikio cha kibamba na kwenye pete ya chuma ukutani, nikakaza hadi waya ukalia. Milango yote miwili nimepigilia ubao kwa misumari ile mirefu ya zizini. Mkono bado ni mkono. Ni kazi ambayo Eemeli asingeiweza hata akiwa kijana.

Bluu nimeiona mlangoni mwa tanuri kabla sijafunga. Nzuri mno, kusema kweli. Sijui kwa nini watu wanaichukia.

Hatua zilishuka kutoka darini muda si mrefu uliopita. Nikasikia kigoda kikiburutwa. Nikasikia kucha kwenye waya. Alijaribu sana, maskini. Aliniita kwa jina, mara ya kwanza kwa ukali, baadaye si kwa ukali. Sikumjibu. Ukimjibu tu, atajua unalegea.

Kisha akaacha.

Joto limebaki! Lote! Nimelegeza vifungo vya shati. Kuta zinapumua vizuri, kwa utaratibu, na mimi nimeanza kupumua pamoja nazo ili tusigongane. Kalamu imekuwa nzito, lakini lazima iandikwe kwamba Vihtori Tossavainen, miaka themanini na moja, alilihifadhi joto lake siku nzima na hakuna aliye hai wala aliyekufa aliyeweza kulitoa.

Asiyeamini asimuulize Eemeli, ana wivu. Raili naye alikimbia. Muulizeni Tyyne. Ameona yote, waya na misumari. Ameshuka kwenye kigoda sasa, ameketi kwenye benchi la tanuri, amegeuka kunitazama, na amesogea kunipa nafasi.