Kokoto Kwenye Gari la Mama Mkwe

Jumapili, 9 Machi

Siku ya kuzaliwa ya shemeji Trevor, kaka yake Lorna. Nyama ya ng'ombe ya oveni, mchuzi mzito, na Trevor mwenyewe, mzito kuliko mchuzi. Tangu supu mpaka keki alizungumzia uwanja wa mbio wa Harrowmere, ambako watu wa kawaida hulipa kiingilio na kukimbiza magari yao wenyewe kutwa nzima. Si mashindano, alisema, ni burudani ya wanaojua kuendesha. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe shem unaendesha kama umepakata trei ya mayai."

Wote wakacheka. Lorna mke wangu alicheka. Mama mkwe, aliyewekewa mto kwa sababu ya nyonga yake mpya, alicheka mpaka akaishika nyonga.

Nikasema nimekuwa nikijiandaa kwenda Harrowmere tangu mwaka jana. Sijui neno hilo lilitokea wapi. Mdomo huponza kichwa! Trevor akachomoa simu, akasema tarehe 22 nafasi bado zipo. Lorna akasema siendi popote, tarehe 22 tunapaka rangi choo. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Mambo yangeishia hapo, ila Trevor akanipigapiga begani. "Afadhali, shem. Kila mtu na choo chake."

Jumanne, 11 Machi

Nimejiandikisha kwa siri. Kiingilio ni pauni mia na themanini na tisa. Nilidhani hiyo ndiyo gharama. Kumbe hiyo ni ya kufunguliwa geti! Helmeti ni juu yako. Mafuta ni juu yako. Bima yako ya kawaida inakoma pale lami ya serikali inapokoma, na bima ya siku moja bei yake inakaribia kiingilio chenyewe. Bima nimeikataa. Miaka thelathini sijagonga kitu isipokuwa nguzo moja, na ile nguzo ilikuwa imejificha.

Linabaki suala la gari. Mimi naendesha gari la dukani, limeandikwa UTTING MAZULIA ubavu huu na ubavu huu, pamoja na namba ya simu. La Lorna siwezi kuliomba bila kuulizwa maswali. Lililobaki ni la mama mkwe: kigari cha bluu ya mbingu alichonunuliwa na marehemu mumewe. Kimeegeshwa uani kwetu tangu alipofanyiwa upasuaji akahamia kwetu. Daktari amemruhusu kuendesha kuanzia mwisho wa mwezi, naye ameshapanga. Jumapili ya Akina Mama, tarehe 30, atakwenda kanisani akiendesha mwenyewe. "Nikifika pale nimeshika usukani kwa mkono wangu, ndipo nitajua nimepona." Hulisema hilo kila asubuhi, kama wengine wanavyosali kabla ya kula.

Injini isiyotembea huoza. Ukilitazama vizuri, ni msaada ninaompa.

Ijumaa, 14 Machi

Kisingizio kimepatikana! Siku ya Viazi. Nimemwambia Lorna kuna maonyesho ya viazi vya mbegu kule Oakby, tarehe 22 hiyo hiyo, na mtu akichelewa anabaki na mabaki. Akaguna, akasema choo atapaka mwenyewe.

Sikuwa nimemhesabu mama mkwe. Huyu ni mwanamke aliyeshinda kombe la viazi katika bustani za mtaa mara nyingi hadi wenzake wakaomba apumzike. Macho yalimng'aa. Akanipa noti ya pauni kumi, akanielekeza: viazi vya mapema, macho mafupi na manene, nivishike kimoja kimoja. "Usikubali kudanganywa, mwanangu." Halafu akanipa ufunguo wa gari lake bila kuombwa. Akasema udongo wa viazi usije ukachafua mazulia ya watu.

Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima ya kuomba huo ufunguo. Nilisimama pale nimeukamata, uso unawaka.

Jumatano, 19 Machi

Nimelipeleka gari kwa fundi Malcolm. Akachungulia magurudumu, akasema pedi za breki zimekwisha na oili ya breki ni nyeusi kama chai ya juzi. Akataja bei. Nikakohoa. Akauliza gari linakwenda wapi. Nikasema kanisani tu. "Aa, kwa kanisani zinatosha kabisa."

Basi, fundi amesema zinatosha.

Jumamosi, 22 Machi

Nisingependa kuandika. Ninaandika.

Nilisimama njiani nikatoa kila kisichofungwa ndani ya gari, maana ndiyo sheria ya uwanja: mto, kitabu cha nyimbo, mwavuli, kopo la peremende. Vyote nikavificha kwenye mfuko nyuma ya choo cha uwanjani. Langoni wakaikataa helmeti yangu kwa kuwa ni ya baiskeli. Nikakodi. Wakauliza ndoano ya kuvutia gari iko wapi. Nikanunua kibandani kwao, kwa bei ya pete ya ndoa. Kisha kipimo cha kelele, maana majirani wa uwanja hulalamika. Mpimaji akaniambia niwashe gari. Nikamwambia limewaka.

Trevor alikuwapo, amevaa suti nyekundu ya mbio na kitambi chake kimeomba ruhusa kutoka. Gari langu hakulitazama. Alikuwa anatazamwa yeye.

Tukapewa maelezo: hakuna kumpita mtu mpaka mwenyewe awashe indiketa akuruhusu. Tukaingia. Jamani, ile kasi! Mara nikaona nyuma yangu magari matatu yamenisubiri kwa adabu kona nzima. Sasa sisi tumelelewa. Mtu akikusubiri, unamshukuru. Nikasogea kando, nikawasha taa za hazadi mara mbili, kama kila mwana wa nchi hii afanyavyo barabarani. Wakapunguza mwendo. Nikaona ni waungwana kweli, nikawashukuru kwa kupunguza mwendo. Wakazidi kupunguza, na wa nyuma yao nao. Nikashukuru foleni nzima.

Nikaonyeshwa bendera, nikaitwa pembeni. Msimamizi, mama mmoja mwenye koti la manjano, akainama dirishani akauliza gari lina hitilafu gani. Hazadi humu ndani maana yake gari limekufa, akasema, watu wote wanangoja mafuta yamwagike. Nikamwambia gari ni zima, nilikuwa nasema asante. Kisha akainua redio yake. "Hana shida. Anashukuru."

Redio ile inasikika uwanja mzima. Sasa Trevor akanitazama.

Mtu mwenye akili angekwenda zake kununua viazi. Mimi baada ya chakula nilirudi ndani kuwaonyesha. Mizunguko miwili nilikuwa simba. Wa tatu nikaliona gari la Trevor mbele, nikasema leo, leo! Kwenye kona ya chini nikakanyaga breki, mguu ukazama mpaka sakafuni kama nimekanyaga maandazi. Hakuna kitu. Nikavuka lami, nikaingia kwenye kitanda cha kokoto kinachonasa magari yaliyoteleza, na kokoto zikanipokea mpaka tumboni.

Bendera nyekundu. Maana yake kila gari lililoko ndani hurudi kungoja, kwa pesa zao, mpaka aliyekwama avutwe. Walitoka wakasimama ukutani, mikono kifuani. Nami nimekaa ndani ya kigari cha bluu ya mbingu, nyuma kimebandikwa karatasi ya kwaya ya wajane, trekta linanivuta kwa ile ndoano ya bei ya pete. Bampa la mbele lilibaki kwenye kokoto. Gurudumu moja lilikuwa linatazama kwingine.

Nilimngoja Trevor acheke. Hakucheka. Alilizunguka gari polepole, akainama akaisoma ile karatasi ya kwaya. "Shem. Hili si gari la mama?"

Afadhali angecheka. Akasema hatafungua mdomo, lakini nimwambie mimi mwenyewe kabla ya Jumapili ya Akina Mama, la sivyo atamwambia yeye. Akanisaidia kulifunga bampa kwa kamba, tena hakunidai kamba.

Nilitambaa nalo hadi nyumbani, gurudumu linalia kama mtoto. Nimekaribia kufika ndipo nikakumbuka. Viazi! Nikaingia duka la vyakula nikanunua mfuko wa viazi vya kupikia. Lorna nikamwambia lori la viazi lilirudi nyuma likanigonga. Akauliza dereva alisemaje. Nikasema aliomba radhi sana.

Jumapili, 23 Machi

Mama mkwe ameufungua mfuko mezani. Akashika kiazi kimoja, akakigeuza, akakinusa. Akashika cha pili. Mimi nilikuwa nafuta kikombe kilichokwisha kukauka.

"Mwanangu," akasema taratibu, "hivi vimeoshwa."

Nikasema siku hizi Oakby wamekuwa wasafi. Akavipanga kwenye trei za mayai dirishani, kimoja kimoja, macho juu, kama vile ni vya mbegu kweli. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumanne, 25 Machi

Fundi Malcolm ameinua gari, kokoto zikamwagika karakana nzima. Alijaza ndoo, akaenda kutafuta ndoo nyingine. Akaniuliza huko kanisani kwetu tunapitia njia gani.

Gurudumu, mkono wa usukani, bampa, pedi, oili. Bei aliyotaja inazidi thamani ya gari. Bima haihusiki, nimeshasema. Tumeelewana kwamba nitatandika zulia ngazi zake zote kwa gharama yangu. Nilikubali kabla sijajua nyumba yake ina ghorofa tatu.

Lakini kuna jambo ambalo zulia halitalitengeneza. Kipuri hakifiki mpaka Jumatatu. Jumapili gari litakuwa juu ya jeki.

Asubuhi mama mkwe alishuka ngazi bila mkongojo. Anajizoesha. Aliniomba nihesabu ni mara ngapi anaweza kukanyaga chini kwa mguu wa kulia bila maumivu, yaani breki. Nikahesabu. Aliweza mara ishirini. Nilishindwa kumtazama.

Alhamisi, 27 Machi

Nimemwambia. Trevor alipiga simu mara mbili, akapumua tu.

Mama mkwe alikuwa dirishani anageuza vile viazi. Nilisema yote kwa pumzi moja: uwanja, helmeti, hazadi, kokoto. Hakuinua macho. Akasema alijua tangu Jumapili. Mto wake wa garini ulikuwa na jiwe ndani, na kitabu cha nyimbo kilikuwa kinanuka choo. "Tena Oakby hawana maonyesho mwaka huu, ukumbi umebomolewa. Nilikuwa nangoja uje mwenyewe."

Halafu akauliza swali moja tu, kama litakuwa tayari Jumapili. Nikasema hapana. Akakirudisha kiazi alichokishika, akageuza uso nje, uani, pale gari linapokaa.

"Basi," akasema.

Lorna, aliyesikia yote mlangoni, alinitukana nusu saa kwa umahiri mkubwa, na kila neno lilikuwa la haki. Lakini si matusi ya Lorna yaliyonikosesha hamu ya chakula. Ni lile basi. Nimeona aibu nyingi maishani, nyingine nimezizoea. Hii sitaizoea.

Jumapili, 30 Machi

Nilimpeleka kanisani kwa gari la mazulia. Nilimbeba kama mayai, trei nzima. Alivaa kofia yake nzuri. Nje ya kanisa wanakwaya wenzake walikuwa wamejipanga na maua ya manjano, maana alikuwa ameshawatangazia wote kwamba leo anakuja mwenyewe. Gari likasimama, ubavuni UTTING MAZULIA, nao wakawa wanamtafuta kwenye kiti cha dereva, upande wangu. Nilijikunja kwenye kiti.

Mama mkwe akashuka kwa mguu wake, akaiweka sawa kofia. "Leo nimeona niletwe, jamani. Malkia hajiendeshi." Wakapiga makofi. Mimi hakunitazama.

Ibada ilipokwisha, kabla hatujaondoka, alifungua pochi akanipa glovu za ngozi za marehemu baba mkwe, za kuendeshea gari, laini, zimekaa sura ya vidole vyake. Akasema yule mzee aliendesha miaka hamsini na hakuwahi kumtia mtu hofu. "Vaa hizi, Barnaby. Labda zitakufundisha."

Nililia pale kwenye maegesho. Mtu mzima, na koti la kanisani. Nimeapa sirudi tena Harrowmere, mbele yake na mbele ya kiongozi wa kwaya aliyekuja kuuliza kama ni msiba.

Jumamosi, 5 Aprili

Gari limepona. Mama mkwe aliliendesha jana, peke yake, mpaka kanisani na kurudi, na hapakuwa na mtu wa kumpigia makofi isipokuwa mfagiaji. Alirudi mashavu mekundu. Ngazi za Malcolm nimefika ghorofa ya pili.

Nimelitafakari jambo zima kwa utulivu, kwa unyenyekevu. Somo nimelipata. Tatizo halikuwa mimi, lilikuwa breki. Na hazadi, ambayo sasa naielewa.

Gari la Lorna limetoka kwa Malcolm juzi. Pedi mpya, oili mpya, matairi manne mapya. Harrowmere wameniandikia kwamba tarehe 26 kuna nafasi zilizobaki kwa nusu bei. Helmeti najua wapi pa kukodi, ndoano ninayo. Ukihesabu vizuri, nisipokwenda ndipo ninapopata hasara. Nimezijaribu glovu za marehemu kwenye usukani. Zinashika vizuri mno, hasa ukikata kona.

Nimemwambia Lorna kwamba tarehe 26 kuna Siku ya Miche ya Nyanya huko Thornby, na gari la dukani lina hitilafu. Mama mkwe aliinua macho kutoka kwenye vile viazi, ambavyo havijachipua hata kimoja. Akauliza kama na nyanya nazo zitakuwa zimeoshwa.

Nimeandika kwa kalamu kwenye kiganja nisije nikasahau: udongo.